Marehemu Kiboko na Kituo Kisichokanusha

— Nije, nisije?
— Njoo, tupo macho.
— Nikija na uongo?
— Tutautafuna.
— Nikija na ukweli?
— Huo ulete taratibu, tusije tukapaliwa.

Haya. Kaeni vizuri. Na wewe uliyeshika simu, iweke chini, maana hadithi yenyewe inamhusu mtu kama wewe.

Hapo kale, na si kale sana, maana televisheni ilikuwa imeshaingia, palikuwa na bonde liitwalo Luhindo. Wanyama wa Luhindo walikuwa na kituo chao cha televisheni. Mwenye kituo alikuwa Kiboko. Kwa nini Kiboko? Kwa sababu alikuwa na mdomo mkubwa kuliko wote, na huko kwao hiyo ilitosha.

Chumba cha habari kilikuwa na wafanyakazi watatu tu. Wa kwanza ni msomaji wa habari, Bi Korongo. Shingo ndefu, shungi la dhahabu, sauti ya kubembeleza mtoto. Korongo alisoma chochote kilichopita kwenye kioo mbele yake. Kikipita "habari za alasiri", alisoma "habari za alasiri". Kikipita "futa mstari huu", alisoma "futa mstari huu", halafu akatabasamu. Wa pili ni Nungunungu, mfagiaji. Huyu ana kisa chake, nitawaambia sasa hivi. Wa tatu ni Sange, mwandishi. Sange mnamjua? Kanyama kadogo, kwa mwili hakazidi panya, lakini pua yake ndefu, haitulii. Fyu, fyu, fyu. Kila habari iliyosomwa pale, Sange ndiye aliyeiandika.

Taarifa ilianza saa kumi alasiri kila siku, na habari ya kwanza ilikuwa ya Kiboko kila siku. Kiboko ameamka: habari ya kwanza. Kiboko ameoga: habari ya kwanza. Kiboko amepiga mwayo: habari ya kwanza, na mwayo wenyewe unaonyeshwa mpaka magego. Kama msitu unaungua, msitu usubiri.

Tena kituo kilikuwa na amri moja, imeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu: HATUKANUSHI. Siku moja walitangaza kuwa Nungunungu amefariki. Kumbe aliyefariki ni nungunungu mwingine, wa bonde la pili. Nungunungu wetu akaja mbio mpaka kwa Kiboko.

"Bwana mkubwa, mimi ni mzima."

"Umesikiliza taarifa?"

"Nimesikiliza."

"Imesemaje?"

"Imesema nimekufa."

"Basi pole sana kwa msiba," akasema Kiboko.

Nungunungu alirudi nyumbani, akakuta wakwe wamekwisha kumchukua mkewe, na shamba limegawanywa. Hakuwa na pa kwenda. Kiboko akamhurumia, akampa ufagio. Tangu siku hiyo watu wakipita wanamwamkia, "Shikamoo, marehemu," naye anaitika, "Marahaba." Mwanzo alikuwa akilia. Baadaye akazoea. Mimi hapo ndipo ninapokasirika, jamani. Si pale alipolia. Pale alipozoea.

Sasa. Huko juu ya bonde palikuwa na chemchemi. Maji yake baridi, yanatoka usiku na mchana, chururu, chururu, chururu. Waliokaa hapo walikuwa wadogo watupu: akina Digidigi, akina Kanga, akina Kindi, na mama yake Sange, bibi mmoja mkongwe aliyekwisha kula chumvi nyingi. Kiboko alikuwa na mto mzima peke yake. Lakini mto ulimchosha. Akaitamani chemchemi.

Akamwita Sange. "Andika kuwa chemchemi imekauka."

"Mzee, haijakauka. Nimekunywa leo asubuhi."

"Nimekuuliza umekunywa nini? Andika."

Sange akaandika. Moyoni alijiambia, nani ataamini? Maji si wanayaona? Watacheka tu. Na hapo ndipo alipokosea kosa ambalo mwandishi wa habari peke yake ndiye anayeweza kulikosea. Aliisoma sentensi yake, "Chemchemi imekauka," akaiona fupi. Haina uzito. Haitakaa vizuri mdomoni mwa Korongo. Basi akaitia chumvi kidogo: "Chemchemi ya Luhindo imekauka kabisa, na wataalamu wanasema haitatoa maji tena milele." Wataalamu gani? Hawapo. Lakini sentensi ilikaa vizuri.

Saa kumi Korongo akaisoma.

Wakati huo Digidigi alikuwa ameinama kwenye chemchemi, anakunywa. Aliposikia akainua kichwa. Maji yanamdondoka kidevuni, tii, tii, tii.

"Jamani, chemchemi imekauka," akasema.

"Mbona umelowa?" mama yake Sange akamuuliza.

"Tumesikia kwenye taarifa, bibi."

Kanga alikuwa amejaza kibuyu. Akakimwaga chini, akasema hawezi kubeba maji ya chemchemi iliyokauka. Kindi akawaita watoto wake, akawakataza kabisa kusogea pale, wasije wakapata kiu. Kisha wote wakafungasha. Waliacha vyungu, waliacha mitungi, lakini televisheni waliibeba kichwani, watu wanne wanne wanapokezana. Safari ikawa ya kwenda nyikani, kwenye vumbi na miiba.

Mama yake Sange alikataa mpaka mwisho. Lakini atabaki na nani? Jirani zake wote wanaondoka, yeye macho hayaoni vizuri, miguu haina nguvu. Akajitwika mkeka wake, akafuata. Njiani akapita kituoni, akamkuta binti yake mlangoni.

"Wewe ndiye unayeandika humu?"

"Ndiyo, mama."

"Maji yapo?"

"Yapo, mama."

"Basi sema."

Sange akainamisha pua. "Mama, nipe muda. Nitawarudishia chemchemi yenu, nakuapia."

"Muda ninao," akasema mama. "Maji ndiyo sina."

Akaenda zake.

Huko nyikani waliishi kwa kulamba umande kwenye majani. Alfajiri wanalamba, mchana wanajikunja kwenye vivuli vya miiba, saa kumi wanasikiliza taarifa. Mwezi wa kwanza Kanga alizika vifaranga wawili. Mwezi wa pili akazika wa tatu. Habari hiyo haikusomwa. Na Kiboko aliingia kwenye chemchemi, pwaaa, maji yakamwagika pande zote. Waliopita wakamwona amejilaza humo, nusu amezama, wakasema mzee anaoga vumbi.

Sange hakulala. Kila akishika kalamu anamkumbuka mama yake na mkeka kichwani. Mchana mmoja amekaa hivyo, anamtazama Nungunungu anavyofagia, shwaa, shwaa, shwaa, mara pua ikaanza kumcheza. Fyu, fyu, fyu. Akanyanyuka, akaenda moja kwa moja mpaka chemchemini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwayo wangu wa jana mmeuonyesha vibaya."

"Tutaurudia, mzee. Umesikia Tembo wa bonde la pili amefariki?"

Kiboko akanuna. "Nimeona. Siku saba kituo chao kinamwonyesha yeye tu. Siku saba. Mimi mnanipa dakika mbili."

"Wewe ukifa, mzee, utaonyeshwa siku arobaini."

"Nitakuwa nimekufa. Nitaona nini?"

"Ndiyo dhuluma yake hiyo," akasema Sange. "Watu wanaleta maboga, wanaleta miwa, wanaleta matikiti ya kila namna. Wanasimama mmoja mmoja wanamsifu. Na mwenyewe hayupo, hali wala hasikii."

Kiboko akameza mate, gudu. "Maboga mengi?"

"Ya Tembo yalipangwa toka mlangoni mpaka mtoni."

Kiboko akajilaza tena majini. Akafikiri. Na Kiboko akifikiri, povu linamtoka puani, blubu, blubu, blubu.

"Hakuna njia?" akauliza.

"Iko, mzee. Tunatangaza kwanza, kufa kwenyewe kutafuata baadaye, Mungu akipenda. Wewe unabaki humu humu, pua nje, masikio nje. Matanga yanawekwa hapa ukingoni. Siku tatu unakula na kusikiliza. Siku ya nne unatoka."

Namna hiyo Sange alimvika Kiboko kilemba cha ukoka, naye akakivaa, tena akauliza kama kinampendeza. Akataka asomewe tangazo kabla halijaenda hewani. Sange akamsomea: "Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha mpendwa wetu Kiboko, baba wa wanyonge, kilichotokea leo." Kiboko akalia kwa uchungu. Akajifuta, akasema, "Ongeza kuwa nilikuwa mwembamba." Sange akaongeza. Ila palikuwa na sentensi moja chini kabisa ya karatasi. Hiyo hakumsomea.

Saa kumi Korongo akasoma yote kama yalivyopita kwenye kioo. Kifo. Baba wa wanyonge. Mwembamba. Kisha ile ya mwisho: "Marehemu ameacha wosia kwamba kituo hiki kiongozwe na Bi Sange." Kiboko hakuisikia, kwa sababu maboga ya kwanza yalikuwa yamekwisha kufika.

Siku tatu Nyati alileta maboga. Siku tatu Ngiri alileta viazi. Siku tatu Nyani alileta miwa. Wanaweka ukingoni, wanageuka kufuta machozi, wakigeuka tena hakuna kitu. Majini inasikika tu, kacha, kacha, kacha. Nyati akasimama, akasema marehemu alikuwa mpole. Kacha, kacha. Ngiri akasimama, akasema marehemu hakuwa mlafi. Kacha, kacha, kacha. Kiboko hakuwahi kupata siku nzuri kama hizo maishani mwake, na ni haki kusema hivyo, maana ndizo zilizokuwa za mwisho.

Siku ya nne akatoka. Puuu. Maji yakamporomoka mgongoni.

"Mimi hapa," akasema. "Nimerudi."

Waombolezaji wakamtazama. Hakuna aliyeshangilia. Nyati akarudi nyuma hatua mbili.

"Marehemu ameanza kututokea," akasema Nyati.

"Marehemu nani? Mimi ni mzima. Nishike."

"Tumesikia kwenye taarifa, mzee," akasema Ngiri kwa heshima. "Ulale pema."

Kiboko akakimbia mpaka kituoni, ndi, ndi, ndi, ndi, ardhi inatikisika. Akapiga mlango teke. Kwenye kiti chake, kile kikubwa, alikuwa amekaa Sange, kadogo, miguu inaning'inia.

"Kanusha," akasema Kiboko.

"Kituo hakikanushi, mzee."

"Nani kasema?"

"Wewe. Imeandikwa mlangoni."

Kiboko akautazama mlango alioupiga teke. Akamgeukia Korongo. "Wewe, nisome kuwa ni mzima." Korongo akatazama kioo. Kwenye kioo hakuna kitu. Basi na yeye hakusema kitu. Nungunungu akaweka ufagio chini, akamsogelea yule mkubwa aliyemuua kwa taarifa, akamwambia kwa sauti ya upole kabisa, "Mwanzo inauma, mzee. Baadaye unazoea."

Kiboko hakuzoea. Alivunja ua, akang'oa mlango. Lakini bonde zima lilikuja na madebe na mienge ya nyasi, kwa kuwa mzimu haupigwi kwa ngumi, unafukuzwa kwa kelele na moshi. Kwang, kwang, kwang. Wakamsukuma mpaka mtoni, wakamvusha. Akabaki ng'ambo. Na kila siku ikikaribia saa kumi anasogea ukingoni, masikio wima, akisubiri kituo kiseme, hata mara moja tu, kwamba kiliwahi kukosea.

Wasimuliaji wengine wakifika hapa wanapiga makofi, watoto wanacheka, wanaenda kula. Mimi sijamaliza. Chemchemi mmeisahau? Sange hakuisahau.

Siku hiyo hiyo alishika kalamu kwa furaha, akaandika: "Chemchemi ya Luhindo ina maji. Walioko nyikani warudi." Akasimama kuipeleka kwa Korongo. Akapita dirishani. Akamwona Kiboko ng'ambo, masikio wima.

Akasimama hapo hapo. Akakumbuka sentensi yake nzuri, na wataalamu wake wasiokuwepo. Angekuwa ameandika tu kwamba imekauka, leo angesema mvua imenyesha, maji yamerudi, na mambo yakaisha. Lakini kituo kilisema haitatoa maji tena milele. Akisema yapo, kituo kilikosea. Na kama kilikosea kwenye chemchemi, kwa nini kisiwe kimekosea kwenye msiba? Kiboko atavuka mto siku hiyo hiyo. Nungunungu naye alikuwa amekwisha kuiona karatasi.

"Bi Sange," akasema, "ukikanusha la maji, naomba na langu. Nina mke kule."

"Kesho," akasema Sange. Akaikunja karatasi.

Kesho ikafika, akasema kesho. Mchana akiona kiu anakwenda chemchemini peke yake, anakunywa, maji baridi, chururu, chururu. Siku za mwanzo alikunywa anatokwa na machozi. Siku nyingine akanywa tu. Na saa kumi, kwa vile habari ya kwanza lazima iwe ya mkubwa, Korongo alisoma: "Mkurugenzi Sange ameamka." Mnaona?

Mwezi ukapita. Asubuhi moja mama yake akaingia kituoni. Alikuwa ametembea siku mbili. Midomo imepasuka, ngozi imeshika mifupa.

"Nimesikia Kiboko amekufa," akasema. "Nimesikia wewe ndiye mkubwa. Nikakaa nasubiri chemchemi itajwe. Leo. Kesho. Nikasema labda mwanangu anaumwa, ngoja nikamwone."

"Siumwi, mama. Kaa. Kunywa kwanza." Akampa bakuli la maji.

Mama akalishika kwa mikono miwili. "Ya wapi haya?"

"Ya chemchemi."

"Ile iliyokauka?"

Sange akalisogeza bakuli karibu na mdomo wake.

"Kunywa, mama. Utakaa hapa na mimi. Nitakuchotea kila siku, hutakosa."

"Na wenzangu? Kanga amebaki na kifaranga mmoja."

"Mama, nikikanusha lile moja, yule ng'ambo atarudi. Atatumaliza wote."

Mama akamtazama kwa macho yale yasiyoona vizuri. "Kiboko alininyima maji, hakuwa mwanangu," akasema. "Nilikuwa na mtu wa kumchukia, nikapumua. Sasa wewe nikufanyeje?"

Akaliweka bakuli mezani, limejaa vile vile. Akatoka. Kiu alikuwa nayo, nawaambia. Ulimi ulikuwa umemkauka. Lakini alitoka.

Sange alilia kweli. Sitamsingizia. Alilia mpaka saa tisa. Saa tisa akajifuta pua, akashika kalamu, kwa sababu taarifa haingoji mtu.

Mama yake alipofika nyikani baada ya siku mbili, wote walikuwa wamesimama wanamsubiri. Digidigi alikuwepo. Kindi alikuwepo. Kanga alikuwepo, na kifaranga wake amelala chini ya bawa, hajanyanyua kichwa tangu asubuhi. Bibi hakukaa hata chini.

"Jamani, maji yapo," akasema. "Nimeyashika kwa mikono yangu. Chemchemi ni nzima. Twendeni."

Wakatazamana. Hakuna aliyenyanyua mguu. Digidigi akamshika bega, kwa upole, kama mtu anavyomshika mgonjwa.

"Bibi, umechoka na safari," akasema. "Juzi tumekuona, habari ya kwanza. Mkurugenzi Sange ametembelewa na mama yake mzazi. Na mama huyo amesema hali ya maji nyikani ni nzuri, na wananchi wanaridhika."

"Mimi sijasema hivyo."

"Umesema, bibi. Tumesikia kwenye taarifa."

Bibi akamgeukia Kanga. Kanga akatazama pembeni. Jua likapanda, nao wakarudi vivulini mmoja mmoja. Kifaranga alizikwa jioni, na bibi ndiye aliyechimba, kwa mikono.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyeichukia anisaidie kuisukuma pembeni, njia ya watu hii.

Mnataka funzo? Funzo lipo, hadithi bila funzo watu hawaipokei. Funzo lake ni hili, watoto wangu: wapendeni mama zenu. Sange alimpenda wake. Alimpa habari ya kwanza, tena na picha. Mimi nimezaa saba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitaja kwenye televisheni. Basi someni sana, mpate kazi kituoni, na mama zenu wakija kuwatembelea, waandikeni vizuri.